Pini Kiunoni

Fundi alikuwa na jogoo asiye na mkia wala mabawa. Jogoo huyo alikaa ndani ya simu, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na vipande vya chaki, na kila baada ya saa mbili aliwika, mchana na usiku. Wateja wapya waliinama kuchungulia chini ya meza. Wa zamani hawakujisumbua. Walijua fundi ataacha mshono ulipofika, ataondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, na kupotea nyuma ya pazia kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

Mtaani walimwita Mama Jogoo. Hakukasirika. Hasira nazo zinataka nguvu.

Nyuma ya pazia alilala binti yake, kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa matofali ili mama mtu asiiname sana. Baba yake alimpachika jina la Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno, na toka siku hiyo hajapumzika. Sasa alikuwa msichana mrefu kuliko mama yake. Ukingo wa ghorofa ya shule ulipong'oka, alianguka nao, na uti wa mgongo ukaumia chini ya mbavu. Kutoka kitovuni kwenda chini hakusikia baridi wala moto, kofi wala kubembelezwa. Mdomo ulisalimika wote.

"Leo nigeuzie dirishani," alisema. "Nimechoka kuitazama hiyo kalenda. Mwaka wenyewe ulishakwisha, mnauweka wa nini?"

Fundi alilikunja goti la mwanawe, akaivuta shuka kumwelekea yeye mwenyewe, akamviringisha, akaweka mto katikati ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo. Kisha akapitisha kiganja chini ya nyonga kutafuta kunyanzi la shuka, punje ya mchanga, chochote. Mwili usiohisi hauombi kugeuzwa. Mfupa unakandamiza, damu haipiti, ngozi inakufa kimya kimya, na mwenye ngozi yuko hapo hapo anacheka. Kidonda cha kulalia hakipigi hodi.

"Mama, si ungeniambia kwanza kabla ya kunivuta? Nashtukia tu dunia imepinduka."

"Nimechoka, Chiriku."

"Najua. Ndiyo maana nasema polepole."

Alikuwa amechoka kweli, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Baba mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja nyumbani kama mgeni wa heshima, akamgeuza mtoto kwa bidii usiku mmoja miwili, akaondoka tena macho mekundu. Mzigo ukabaki palepale. Wiki iliyopita fundi alishona blauzi ya karani wa posta na kuziba mdomo wa mkono mmoja, mshono umenyooka, mzuri, hauna pa kupita hata kidole. Karani akaigeuza-geuza mbele ya kioo. "Fundi," akauliza kwa adabu, "hapa mkono unatokea wapi?"

Kiuno nacho kilikuwa kinawaka. Upande wa kushoto, juu kidogo ya nyonga, moto ulioanza siku nyingi kidogo nyuma. Akasema ni mgongo tu, ni ile kazi ya kuinua. Akawa anaupaka dawa ya kuchua juu ya nguo, bila hata kutazama, huku mkono mwingine ukiendelea kusukuma kitambaa.

Chiriku alitaka kitu kimoja tu. Alitaka likizo hii aende kwa shangazi yake, dada wa baba, akakae na mabinamu zake ambao zamani walikuwa wakicheka naye mpaka wanafukuzwa mezani. Nyumba ya shangazi ilikuwa chini, haina ngazi, milango mipana.

"Haiwezekani," fundi alisema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Walijua wote. Mwaka ule wa kwanza baada ya ajali, shangazi mtu alimchukua Chiriku kwenda kwenye sherehe, akamnunulia na suruali mpya ya jinzi, ile yenye njumu, vile vichwa vya chuma kwenye mifuko ya nyuma. Mtoto alikaa juu ya njumu zile kwenye kiti chake cha magurudumu mchana kutwa, akapiga picha, akala keki, akacheza kwa mabega. Aliporudi, fundi alimvua nguo akakuta madoa mawili mekundu, ya mviringo, kama macho. Moja likapona. La pili likafunguka, likachimba, likala msimu mzima wa mvua na shule na amani ya nyumba. Tangu hapo fundi alimshonea mwanawe sketi na suruali zisizo na mfuko wala mshono wa kukalia. Na wifi yake akapigwa marufuku kumgusa mtoto. Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na fundi hakutaka kuziona hata picha za nyasi.

Siku ya mkutano wa wazazi ilifika. Mkutano lilikuwa jina tu. Wazazi wa watoto waliopooza walikusanyika katika chumba cha mazoezi cha hospitali, chumba kirefu chenye magodoro sakafuni, vitanda viwili vya mbao na harufu ya sabuni ya maji. Aliyewaongoza alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, ambaye wote walimwita Mwalimu. Siku hiyo walikuwa wachache. Kinyozi alikuwepo na mwanawe mdogo, ambaye kichwa chake kilikuwa na michoro mipya kila wiki. "Miguu imelala," Kinyozi alizoea kusema, "lakini kichwa lazima kiende na wakati."

Fundi alimlaza Chiriku kwenye godoro, akamgeuza, akaweka mito. Alipoinuka, mkono kiunoni, alimwona mtu mlangoni.

Alikuwa wifi yake, kajifunga leso kiunoni kama mtu aliyekuja kufua.

"Nani amemwalika huyu?" fundi akauliza.

"Mimi," sauti ya Chiriku ikatoka godoroni. "Simu ni ya kuongea, mama."

"Wifi," shangazi akasema, akimkagua toka juu hadi chini. "Umekonda hata kivuli chako kimekuhama. Kaka yangu haleti chakula, au unampa jogoo?"

"Na wewe umenenepa. Hiyo milango mipana ulijijengea mwenyewe, nasikia."

"Nilijijengea, na kiti cha magurudumu kinapita. Ndilo lililonileta."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi ni nani? Shangazi ni baba wa kike. Basi leo baba amekuja kliniki. Mara ngapi umeona hiyo?"

Kinyozi akakohoa ndani ya kiganja. Mwalimu akapiga makofi mara moja, kama anayefukuza kuku.

"Mmeshasalimiana, imetosha. Shangazi, umekuja kujifunza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sheria yangu unaijua? Mtoto si ubao wa kujifunzia. Hapa mgeni hamgusi mtoto kabla hajamshika mzazi wake. Mzazi analala, anakuwa hana miguu. Wewe unamgeuza, unamlaza, unamkagua. Mzazi akisema uko tayari, ndipo unakwenda kwa mtoto. Akisema bado, unarudi wiki ijayo."

Fundi akamtazama mwanawe. Chiriku alikuwa amefumba mdomo, na hilo lilimtisha kuliko maneno.

"Mimi ndiye nitakayesema?" fundi akauliza.

"Wewe na mwingine nani?"

Fundi akaomba kwenda kunawa. Kwenye korido akaingiza mkono katika mkoba wake wa kazi, akatoa bobini ya cherehani, kile kigurudumu kidogo cha chuma cha kuzungushia uzi wa chini, akaitia kwenye mfuko wa sketi, upande wa kulia. Ilikuwa ndogo, baridi, ngumu, haina tofauti na njumu. Wifi atamviringisha juu yake, hataiona, kama siku ile. Na yeye fundi atainuka, ataiweka mezani mbele ya wote, atasema neno moja tu: bado. Na huyo mtoto ataelewa, na mambo ya likizo yataishia hapo.

Aliona aibu kidogo, akaimeza.

Alirudi, akapanda kitandani, akalala chali. Godoro lilikuwa gumu, lililofunikwa plastiki na shuka. Juu yake dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la buti. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoitazama dari yoyote.

"Haya, huna miguu," Mwalimu akasema.

"Sina."

"Wifi," shangazi akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa na utani. "Nashika goti lako la kushoto. Nalikunja. Sasa naweka mkono begani. Nitakuvuta kuelekea kwangu, ukiwa tayari niambie."

Fundi alitaka kusema kitu kikali. Kilichotoka ni, "Haya."

Shuka ikamvuta taratibu. Dunia haikupinduka, iliinama tu, ikakaa. Mto ukaingia katikati ya magoti, na magoti yale, ambayo yalikuwa yakigongana kama majirani wasiopatana, yakaachana. Mto mwingine ukaja nyuma ya mgongo. Mtu mwingine alikuwa amebeba uzito wa mgongo wake. Fundi akafikiria kwamba sasa asubiri kiganja, aone kama kitafika mfukoni. Akafumba macho ili asikilize vizuri.

Aliamka akiwa upande mwingine.

Mwanga wa dirisha ulikuwa umehama ukutani. Mate yalikuwa yamemtoka, yamekauka shavuni. Alijaribu kuinuka, mguu wa kushoto ukakataa. Haukuwepo. Aliugusa, akashika nyama ya mtu mwingine, nzito, isiyo na habari. Kwa muda wa pumzi moja, fundi alikuwa binti yake.

Kisha ganzi ikaanza kuachia kwa sindano nyingi ndogo, na akavuta hewa kama aliyetolewa majini.

"Jogoo!" alisema. "Jogoo hajawika?"

"Amewika," Kinyozi akamjibu kutoka kwenye kiti. "Amewika mpaka sauti imekauka. Wewe ulijibu kwa kukoroma, tukadhani mnaelewana."

"Chiriku!"

"Niko hapa, mama." Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kando ya kitanda, simu mapajani. "Shangazi alinigeuza. Mwalimu alisimama juu yake kama askari. Halafu Kinyozi akauliza, na huyu mkubwa je? Sheria ni sheria. Ndiyo tukakugeuza na wewe."

"Sikusema yuko tayari! Sheria inasema mpaka mimi niseme!"

"Nilivunja sheria yangu mwenyewe," Mwalimu akasema, hana haraka. "Saa ya mtoto ilifika, na wewe tulikutikisa bega, hukuamka. Ningekumwagia maji?"

Fundi akakumbuka mtego. Akaingiza mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na miguu yake. Alinyoosha kidole kwenye trei ya bati iliyokuwa mezani. Bobini ilikuwa pale. Kando yake kulikuwa na pini, ile kubwa ya kufungia nepi, mdomo wazi, ncha imepinda na kushika kutu.

"Bobini niliitoa kabla hujaanza kukoroma," shangazi akasema. "Nikajua huo ni mtego. Nikasema moyoni, wifi yangu huyu, angezaliwa panya angemtega paka. Lakini hiyo ya pili hukunitegea."

Fundi akaitazama pini. Alikuwa amekonda, sketi ikawa inashuka. Yeye aliyepunguza viuno vya mtaa mzima hakupata nafasi ya kupunguza cha kwake. Akabana na pini siku moja asubuhi, kwa muda tu, mpaka atakapokaa. Hakukaa.

"Ilifunguka," shangazi akasema. "Ilikuwa imeingia, wifi. Nilipopitisha mkono nikaona blauzi imegandia."

"Mama, geuka kidogo nione," Chiriku akasema, na tayari alikuwa amesukuma kiti mpaka kwenye ubao wa kitanda. Akainua pindo la blauzi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Juu ya nyonga ya fundi palikuwa na mchubuko mrefu kama kidole, mwekundu, pembeni umevimba, katikati una usaha kidogo. Chiriku akabonyeza ngozi ya kando, akaachia, akasubiri, vilevile kama alivyokuwa akifanyiwa yeye kila asubuhi.

"Nyekundu haiondoki," alisema. "Mama. Una kidonda."

"Ni mkwaruzo."

"Ndivyo unavyoniambia mimi? Ni mkwaruzo? Mimi nikipata doa, si unaita mkutano?" Sauti ya Chiriku ilianza kama utani, ikavunjika njiani. "Mimi sisikii. Mimi nina sababu. Wewe unasikia, mama. Umekaa na chuma mwilini, na unasikia!"

Hakuna aliyecheka. Hata Kinyozi, ambaye tayari alikuwa amefungua mdomo kwa ile methali inayomhusu, ya kinyozi kutojinyoa, aliufunga.

Fundi alitaka kusema kwamba alidhani ni mgongo. Alitaka kusema kwamba maumivu yamekuwa mengi, hayapangi tena mstari, mtu hajui lipi linatoka wapi. Badala yake machozi yakamtoka kwa upande, yakaingia sikioni, kwa sababu bado alikuwa amelala alivyolazwa na hakuwa na haraka ya kuinuka.

Mwalimu alileta maji ya chumvi na pamba. Shangazi akavipokea.

"Nasafisha sasa," akasema. "Itauma. Na wewe uniambie ikiuma, wifi, usijifanye gogo."

"Inauma."

"Vizuri."

Alisafisha polepole. Alipokuwa amemaliza, akiwa bado ameinama, mkono juu ya kitambaa cha dawa, akasema kwa sauti ya chini ambayo Kinyozi alijifanya haisikii, "Ile njumu, naomba ujue. Wewe uliiona kwa mtoto. Mimi ndiye ninayeilalia mpaka leo."

Maneno mengi aliyokuwa ameyaweka tangu ule msimu wa mvua yalikuwa pale pale, makali kama mkasi, lakini mkono wa kuyashika haukuwepo.

"Hukuniambia," fundi akasema.

"Ningekuambiaje? Ulinifungia mlango, na jogoo wako akinisikia anawika."

Chiriku akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Shangazi anaweza kunigeuza. Na akisahau, nitasema. Siku ile ya sherehe sikujua kuna cha kuuliza. Sasa najua. Kabla ya kukaa nitauliza, nimekalia nini? Nitauliza mpaka wanichoke. Mama, unaijua kazi moja ninayoiweza vizuri kuliko kusema?"

"Hakuna," Kinyozi akamjibu.

Mwalimu alikuwa amesimama, mikono yake minene imekunjwa. "Mzazi," akasema. "Nasubiri neno lako. Yuko tayari, au bado?"

Fundi akaitazama trei. Bobini yake, safi, inang'aa, ilikuwa imewekwa kando ya ile pini ya kutu. Alijua kwamba akisema bado, watarudi nyumbani wote wawili kama walivyokuja, na jogoo atawika, naye ataamka. Aliliona hilo neno. Lilikuwa dogo, na lilikuwa lake.

"Ana mto mgumu na mto laini," akasema. "Mgumu ni wa mgongoni. Usibadilishe."

Chiriku akapiga ukelele uliomwamsha mtoto wa Kinyozi.

"Na maji ya kuoga unapima kwa kiwiko, si kwa vidole, vidole vyako vimezoea sufuria."

"Ndiyo, wifi."

"Na akisema sana, usimnyamazishe."

"Huyu? Nani anaweza?"

Siku ya kwanza ya likizo gari lilikuja mapema likamchukua Chiriku, kiti chake, mito yake na nguo zake zisizo na mifuko. Aliondoka akitoa maagizo kupitia dirishani mpaka gari likapinda kona. Fundi akarudi ndani. Akashona sketi yake mwenyewe, akaipunguza kiuno pande zote mbili, mshono mara mbili. Akapika, akala akiwa amekaa. Kisha, mchana mweupe, mlango wa duka ukiwa na komeo, akaenda nyuma ya pazia akalala kwenye kitanda cha mwanawe kilichoinuliwa kwa matofali. Kalenda ya mwaka uliokwisha ilikuwa mbele yake. Mtoto alisema kweli, haikuwa na maana yoyote.

Mezani jogoo akawika.

Miguu yake ilishafika sakafuni kabla hajajua yuko wapi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imenyooka mbele, ikitafuta shuka ya kuvuta. Chumbani hamkuwa na mtu. Jogoo akawika tena, akachoka, akanyamaza.

Fundi akapapasa kitambaa cha dawa kiunoni. Kidonda kilikuwa kikiuma, kidogo, mahali pake, na alijua kinatoka wapi. Akajilaza tena. Akalikunja goti, akajisemea kwa sauti, kwa kuwa hakuwepo wa kumcheka, "Nakugeuza sasa," akageukia dirishani, akavuta mto mmoja katikati ya magoti, akalala.